Sanamu za Kuibwa na Ukuta wa Kolewa

Kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria jikoni, polepole, kama cha mtu asiyetaka kuamsha wenzake, na jogoo alikuwa bado hajawika. Nikajifunga kitenge, nikatoka. Alikuwa Daktari Baindu. Amechuchumaa mbele ya sufuria ya wali wa jana, anabandua ukoko na kuula kwa mafuta ya mawese, na juu ya kifuniko ameweka kipande kikubwa kuliko alichokuwa anakula. Nikamuuliza hicho ni cha nani. Akasema ni changu, kwa sababu mpishi ndiye hula mwisho kila siku, naye ameliona hilo tangu wiki ya kwanza.

Nikakaa naye tukala. Hakuwa amelala, macho yalimsaliti. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi lori la chuo lingefika kijijini kwetu Semabu kumchukua yeye, vyombo vyake na kijana wake wa mitambo, Morlai. Barua ilishakuja. Wakubwa wa chuo walisema wamevumilia safari tatu, na kama hii ya tatu nayo haikupata kitu, kazi ya Kolewa ifungwe na isifunguliwe tena.

Nimezipikia safari zote tatu. Ya kwanza ilikuwa ya wageni kutoka ng'ambo, waliokula mihogo yangu wakidhani ni viazi. Ya pili iliongozwa na Profesa Tejan, mzee mpole aliyekuwa akiosha sahani yake mwenyewe. Ya tatu ni hii ya Baindu, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake. Wote walitafuta kitu kimoja: nyumba ya sanamu.

Kwetu, ukilima mpunga, jembe linaweza kugonga sanamu ya jiwe laini, mtu mdogo aliyekaa, kichwa kikubwa, macho yamemtoka. Tunamwita nomoli. Hatukumchonga sisi wala babu zetu, tulimkuta. Profesa alikuwa akisema kwamba watu waliochonga sanamu nyingi namna hii hawakulala chini ya miti, lazima walikuwa na mji wao mahali fulani, na mahali hapo ni ndani ya Kolewa.

Sasa, Kolewa ni msitu wa ajabu, na unaanza nyuma ya choo changu. Ukiingia mwendo wa saa moja, sindano ya dira inazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Saa za mkononi zinachelewa, na zote zinachelewa dakika kumi na moja, si kumi wala kumi na mbili. Na ukienda ndani zaidi unasikia hatua zako mwenyewe zikitembea mbele yako. Wawindaji wetu wameshazoea, wanasema tu usizisalimie. Lakini dira ikikataa kazi, mtu wa chuo atafuata nini? Profesa akafuata sanamu. Alipita shamba kwa shamba, akauliza kila mtu sanamu yake aliipata wapi, na kila mtu akamjibu, "Hapa hapa shambani." Akaweka nukta thelathini na moja kwenye ramani. Zilipojazana zaidi, kwenye kilima cha Ndawa, ndipo palipochimbwa. Baindu naye alichimba hapo wiki tatu. Alipata shimo la nungunungu na mwiko wangu uliopotea wakati wa wageni wa ng'ambo.

Asubuhi ile ile nilikuwa nakwenda shambani kuamsha msimu, maana mvua zilikuwa karibu. Morlai akasema atanibebea mbegu. Sikumwomba. Baindu akatufuata kwa sababu hakuwa na pa kwenda.

Nilipofika nikafanya kama kawaida. Nikakata ufito, nikasimama mbele ya nomoli wangu aliyekaa kwenye kibanda chake cha makuti, nikamchapa mgongoni. Morlai akatupa mbegu chini akanishika mkono.

"Bibi Satta, hiyo ina miaka zaidi ya mia tano."

"Basi ni mkubwa wa kutosha kufanya kazi," nikamwambia. "Ninyi watu wa kaskazini hamjui kulea sanamu. Niachie mkono."

Baindu akacheka kidogo, cheko la kwanza baada ya siku nyingi. Akamweleza kwamba kuchapwa kwa nomoli kumeandikwa hata vitabuni. Mimi nikaendelea kumkemea mvivu wangu. Nikamwuliza mwaka jana aliniletea nini. Nikamwambia mwenzake wa shamba la Kpana kabeba mpunga mpaka ghala limevimba, na yeye kazi yake ni kukodoa macho. Nikamwambia usiku atoke.

Morlai akauliza atoke aende wapi.

"Akaibe," nikasema. Ilinitoka tu. Nomoli mzuri huenda usiku shamba la jirani, akarudi na nguvu ya mpunga wao. Kila mtoto wa Semabu analijua hilo.

Morlai alicheka mpaka akakaa chini. Baindu hakucheka. Alinitazama, akamtazama nomoli, kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Bibi, na yeye mwenyewe, ulimtoa wapi?"

Nikafungua mdomo kusema "hapa hapa shambani". Jibu hilo nilimpa Profesa Tejan miaka sita iliyopita, naye akaliandika kwa mwandiko wake mzuri na kunishukuru. Nikamkumbuka akiinama kuniambia asante. Baindu alikuwa ameniambia kwamba mzee yule, alipokuwa anakata roho, hakuomba maji, aliomba ramani. Na tumboni mwangu ukoko ule ulikuwa bado wa moto.

"Nilimwiba," nikasema.

Hapo nikamweleza jambo ambalo hatumwambii mgeni, wala hatuambiani. Nomoli uliyemchimba mwenyewe ni mzuri, lakini nomoli uliyemwiba ni bora mara mbili, maana tayari anaijua kazi ya wizi. Ukimwiba unanyamaza. Siku utakayotaja ulipomtoa, nguvu yake imekwisha, na mwenyewe ana haki ya kuja kumchukua. Kwa hiyo sanamu za Semabu hazikai. Zinatembea, kikapuni, chini ya majani ya mihogo, kutoka shamba hadi shamba, tangu enzi za mabibi zetu.

Baindu aliketi kwenye tuta. Akaitoa ramani, akazitazama zile nukta thelathini na moja.

"Kwa hiyo hii si ramani ya mahali walipotoka," akasema. "Ni ramani ya wezi."

"Wakulima," nikasema. "Ila ndiyo."

Nilidhani atalia. Badala yake alisimama ghafla, uso umewaka, akasema maneno ya kitaalamu kwa Morlai, haraka haraka, na Morlai naye akasimama. Nilichoelewa ni hiki: kama kila sanamu imeibwa mahali, basi kuna njia ya kurudi nyuma. Fulani alimwibia fulani, naye alimwibia fulani, mpaka umfikie yule wa kwanza aliyemwokota mahali penyewe. Walihitaji watu waseme tu. Watu thelathini na moja, msimu wa kupanda umefika, kila mmoja aiue sanamu yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Akaniuliza kama inawezekana. Nikamjibu kwamba mtu mmoja akianza, inawezekana. Nikajua ni nani.

Jioni watu walikusanyika kwenye baraza la chifu. Nilisimama. Nikasema mimi Satta, mjane wa Vandi, nomoli wangu si wa shambani kwangu. Niliwaambia kuhusu mwanafunzi huyu aliyebakiza siku mbili, na mwalimu wake tuliyempa uongo thelathini na moja huku akiosha sahani yake mwenyewe. Nikasema nimekwisha kumwua wangu, na atakayetaka kuniita mwizi aanze.

Mzee Kpana, mwenye ghala lililovimba, akakohoa. Akasema wa kwake alitoka kwa shemeji yake. Shemeji yake, aliyekuwa ameketi nyuma yake, akasimama na kusema miaka kumi na minne amekuwa akimtafuta mwizi huyo na kumlaani, kumbe anakula naye sahani moja. Halafu akatulia, akasema hata hivyo na yeye nomoli huyo alimtoa kwa imamu. Imamu alikuwepo. Akatazama paa la baraza muda mrefu.

Basi ikawa kama bwawa limepasuka. Watu walicheka wakashikana mabega, wengine walinuna, mama mmoja alimkuta mwizi wake ni bintiye. Baindu aliandika, Morlai alichora mishale. Kila mshale ulioanza Semabu ulirudi nyuma, ukavuka mto, ukaenda mashariki, na mwisho wake ulikuwa kijiji kimoja, Gbandahun. Kutoka hapo hakuna aliyejua zaidi.

"Na wako, Bibi?" Morlai akauliza. "Ulimtoa kwa nani?"

Wangu alitoka Gbandahun pia. Alitoka kwa Yema.

Yema na mimi tulikuwa wasichana wa kundi moja, tulifundwa pamoja, tukavishwa shanga siku moja. Miaka thelathini na minane iliyopita nilikwenda kumsaidia kuvuna. Mpunga wake ulikuwa umeinama kwa uzito. Wangu mwaka ule uliliwa wote na panya buku, na nilikuwa na watoto watatu. Nilipoondoka, nomoli wake alikuwa chini ya majani ya mihogo kikapuni mwangu. Tangu siku hiyo sikukanyaga tena Gbandahun. Kila mavuno nilimpelekea gunia la mchele kwa mkono wa mtu, bila neno. Mimi mwenyewe sikwenda.

Alhamisi alfajiri tulipanda pikipiki tatu. Morlai alivua koti lake akanivisha, akasema yeye hana baridi, na meno yake yakagongana njia nzima.

Yema alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Amezeeka, goti moja limevimba, lakini shingo ni ile ile, ndefu. Nikapiga magoti hapo hapo kwenye vumbi. Nikasema nimekuja kumwambia kitu nilichomfanyia.

"Satta," akasema, "kikapu ulichoondoka nacho siku ile, nani alikutwika kichwani?"

Nikakumbuka. Ni yeye. Alikiinua kwa mikono yake miwili, akakiweka kichwani pangu, akaninyooshea ngata.

"Majani ya mihogo hayana uzito ule," akasema. "Nilijua kabla hujafika mtoni. Nilikuwa na ghala limejaa, na wewe watoto wako walikuwa na shingo kama kuku. Ungeniomba ningekupa, lakini wa kupewa hafanyi kazi. Ilibidi uibe. Sasa inuka, unanichafulia maharage."

Nikainuka. Baindu na Morlai walinishika huku na huku.

Tulipokwisha kula, maana alikataa kusema lolote kabla hatujala samaki, na kipande cha kichwa akakiweka kwangu, Baindu alimuuliza yeye alimpata wapi nomoli. Yema alicheka. Alimwiba kwa mama mkwe wake, bila shaka. Na mama mkwe hakumwiba kwa mtu. Alimtoa majini. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua, wanawake wa Gbandahun huingia Kolewa na neti zao za mviringo kuvua kwenye mabwawa ya kijito cha Nyawei. Bwawa la tisa, la mwisho, maji yake hutokea chini ya ukuta.

Baindu aliacha kuandika. Akauliza ukuta gani.

"Ukuta," Yema akasema. "Wa mawe. Umejaa vitundu. Zamani vilikuwa na watu wa mawe ndani, mabibi wakawa wanarudi nao kwenye neti."

Morlai akauliza kwa nini katika safari tatu hakuna mwongozaji aliyewahi kutaja ukuta. Yema akamtazama kwa huruma. Waongozaji wote walikuwa wanaume, wawindaji. Na mwanaume hafiki kwenye mabwawa ya wanawake, ni mwiko, hata njia yake anaizunguka. Wanaume wa nchi hii wameuzunguka ukuta huo maisha yao yote.

"Na wanaume hawakuuliza?" Morlai akasema.

"Mwanaume gani ameniuliza kitu?" Yema akasema. "Wewe ni wa kwanza, na una meno yanayotetemeka."

Ijumaa tuliingia. Goti lilimzuia Yema, akamtoa mkwe wake, Nyanda, na wanawake wengine wanne wenye neti. Kuhusu Morlai kulikuwa na mjadala. Mwisho Yema aliamua kwamba kiangazi kimekwisha, mabwawa yamefungwa, na asiyevua si mvunja mwiko. Ila atembee nyuma na asibebe neti. Badala yake alinibeba mimi, mara mbili, kuvuka Nyawei, na mara zote mbili aliniambia mimi ni mwepesi.

Tulifuata maji, si dira. Bwawa la kwanza, la pili. Kwenye la tano hatua zetu zilianza kusikika mbele. Kwenye la saba tulisikia vicheko, na Nyanda akasema ni vyetu, tutavicheka tukifika. Sikumwelewa mpaka mmoja wa wanawake alipoteleza, akaketi kwenye tope, nasi tukacheka, na vicheko vilikuwa vile vile. Lakini siwezi kusema niliogopa. Nilikuwa nataka kukimbia kwenda mbele, mimi mwenye miaka sitini na sita.

Kwenye la nane Morlai aliita kutoka nyuma. "Daktari, dira imesimama."

Alikuwa ameishika kiganjani. Sindano ile ambayo ilizunguka miaka yote ilikuwa imetulia kabisa, imenyooka mbele yetu, kwenye mizizi na majani. Baindu aliacha mzigo wake, akapita katikati ya mizizi kwa mikono na magoti. Tukamsikia akisema "aa", mara moja, kama mtoto anayepewa kitu.

Ukuta ulikuwa mweusi, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, mawe yamebanana bila udongo, huwezi kupitisha ukucha. Ulikwenda kushoto ukapotea mitini, ukaenda kulia ukapotea. Maji ya Nyawei yalitoka chini yake kwa mlango mdogo uliochongwa, yakamwagika kwenye bwawa la tisa. Na vile vitundu, safu juu ya safu, kila kimoja cha kumtosha mtoto mchanga kukaa. Morlai alifika mia nne akaacha kuhesabu. Vyote vilionekana vitupu. Nilisimama pale nikaona wizi wa mabibi zetu wote kwa mara moja, na haukuonekana mbaya.

Baindu alipiga kofi kujaribu. Kofi lilisikika ukutani kabla viganja vyake havijakutana. Akajaribu tena. Akampa Morlai chombo cha kunasa sauti, wakapiga makofi ishirini, thelathini, na kila mara ukuta uliwatangulia. Nyanda alisema mama mkwe wake alisema ni upepo wa kwenye vitundu. Baindu akasema inawezekana, lakini saa zinazochelewa je? Akasema hajui. Alilisema neno hilo, sijui, akitabasamu uso mzima, na machozi yanamtiririka. Sijawahi kumwona mtu aliyefurahi hivyo kwa kutojua.

Kisha mmoja wa wanawake akanyoosha kidole juu. Kwenye safu ya mwisho kabisa, ambako mkono wa mtu haufiki, alikaa nomoli mmoja, mzima, kakodoa macho. Tukamtazama sote, sisi wanawake sita. Msimu ulikuwa unaanza.

"Akina mama," Baindu akasema bila hata kugeuka, "naomba mikono nyuma."

Tukaweka mikono nyuma, Nyanda wa mwisho.

Jioni ile kwenye kilima cha Gbandahun, ambako simu inashika, Baindu alituma picha na sauti. Akawa anazunguka zunguka. Simu ilipolia aliniambia nimshikie mkono, nikaushika. Alisikiliza. Akasema "ndiyo, Mheshimiwa" mara nne. Kisha akakaa chini kwenye nyasi. Lori la Jumamosi litakuja, akasema, ila litakuja kushusha: mahema, mitambo, na wanafunzi sita. Kazi haifungwi. Morlai alinyanyua mikono akapiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia, halafu akaniuliza kama wanafunzi sita ni wengi kwa sufuria yangu. Nikamwambia nitanunua kubwa.

Tulilala kwa Yema. Asubuhi alitaka kusikia kila kitu tena, bwawa kwa bwawa, na kila nilipofika kwenye ukuta alinirudisha nyuma kwa sababu nimeruka kitu. Aliniuliza wangu yuko wapi sasa. Nikamwambia nilimwacha Semabu, amekwisha kufa kwa kutajwa, na kama anamtaka ni wake. Akasema apewe Baindu, amrudishe kwenye kitundu chake kama atakijua.

Pikipiki zilipokuja, Yema aliinuka, akaegemea mlango, goti lake likimtesa. Alinifungia samaki mkavu kwenye majani, akanipa, akaushikilia mkono wangu pamoja na samaki.

"Miaka thelathini na minane mchele wako umenitembelea," akasema. "Nimechoka kuusalimia. Ijumaa ijayo uje wewe, Satta, na ulale. Utakuja?"